Pikipiki ya Buluu ya Matina

Kazi ilipatikana mwezi wa Januari, joto likiwa limeshika kweli kweli, na ndiyo iliyoleta maneno yote. Matina Kaloudis alikuwa ametimiza miaka kumi na sita. Shule alikwisha kuiaga bila machozi, na hospitali ya Berri, mji wa jirani, ilikuwa imemkubali awe mhudumu wa wodi: kutandika vitanda, kusukuma toroli la chai, kuwaogesha wazee. Zamu ya asubuhi ilianza saa moja. Kutoka shambani kwao Renmark hadi hospitalini ni mwendo wa kumshinda mtu wa baiskeli, na basi lililopita barabara kuu lilikuwa la wasafiri wa Adelaide, si la msichana anayewahi vitanda.

Gari la nyumbani lilikuwa moja tu, pikapu ya baba yake, nayo ilikuwa ya shamba kuliko ya watu. Maji ya mfereji yalikuja kwa zamu, na zamu ya baba huyo, Lefteris Kaloudis, mara nyingi iliangukia alfajiri. Ukiikosa, mizabibu inakutazama mpaka wiki ijayo. Kwa hiyo asubuhi pikapu ilikuwa mferejini, mlango wazi, sepetu na viatu vya mpira nyuma.

Matina alilitoa jambo lake mezani, wakati wa chakula cha jioni, mama yake akipakua wali uliofungwa kwenye majani ya mzabibu.

"Nitanunua pikipiki," alisema.

Baba yake aliweka uma chini. "Nani kakutia hilo kichwani? Stelios?"

"Miguu yangu ndiyo imenitia. Nilijaribu kwa baiskeli jana. Nilifika nimelowa kama nimetoka mtoni, na hapo sijaanza kazi."

"Pikipiki si kitu cha mtoto wa kike. Si kitu cha mtoto yeyote."

"Basi mpeleke wewe," alisema mama yake, Fotini, bila kuinua macho kutoka kwenye sufuria.

"Na maji?"

"Ndiyo nakuuliza. Na maji?"

Bibi Despina, mama yake Lefteris, mwanamke wa nguo nyeusi tangu mumewe alipofariki, kwa kawaida ndiye aliyesema kuliko wote pale mezani. Jioni ile alikuwa akitafuna taratibu, macho yake kwa mwanawe. Alipomeza, aliuliza neno moja tu.

"Ataendesha amevaa nini?"

Matina alijua hapo hapo kwamba jambo limeshapita. Katika nyumba ile, Bibi akishauliza habari ya nguo, harusi ipo. Lefteris naye alilijua hilo. Alivuta kiti nyuma, akasema atakwenda naye kuitazama, na kama haikumpendeza watarudi nyumbani na hakuna atakayelia. Kisha akatoka kwenda kutazama zabibu ambazo alikuwa ametoka kuzitazama.

Jumamosi wakaenda Berri kwa Merv Hoskin, mzee mwembamba aliyekuwa akiuza na kutengeneza pikipiki kwenye banda la mabati mwisho wa mji. Stelios, binamu yake Matina, mwenye miaka kumi na tisa na maoni juu ya kila kitu chenye injini, alikuwa amekwisha fika bila kualikwa. Alikuwa amesimama kando ya Yamaha moja nyekundu, mkono juu ya tangi lake kama mtu aliyemshika farasi wake.

"Hii hapa, dada," alisema. "Usitazame nyingine. Hii ukiigusa tu, ishafika Berri, inakungojea wewe."

Ilikuwa ya injini ya kuchanganya oili na petroli, nyembamba, kali, yenye mistari myeupe ubavuni. Matina aliipenda hata kabla hajaikalia. Miaka mingi baadaye, akiwa mama wa watoto watatu, aliweza bado kuichora ile pikipiki kwa macho yaliyofumbwa: jinsi kiti kilivyoinuka kwa nyuma, jinsi bomba la moshi lilivyopinda, na vumbi la banda lililoelea juu ya ule wekundu. Alipanda. Vidole vya miguu viligusa sakafu, visigino havikugusa.

"Umekaa kama kuku kwenye kamba ya nguo," alisema Hoskin. "Teremka, binti. Njoo huku nje."

Nje, kwenye majani makavu, alikuwa na pikipiki kuukuu ya uzito ule ule. Aliilaza chini kwa ubavu, taratibu, kama mtu anayemlaza mgonjwa.

"Iinue."

Matina alishika usukani akavuta. Haikusogea. Akavuta tena mpaka mshipa wa shingo ukamtoka. Stelios akapiga hatua moja mbele, na Hoskin akamwambia, "Wewe utakuwepo kila siku atakapoanguka? Basi rudi nyuma."

Alimwonyesha namna ya kugeuka, kuipa pikipiki mgongo, kuchuchumaa, kusukuma kwa mapaja. Ikanyanyuka nusu, ikarudi chini. Ndipo Hoskin alipokwenda pembeni kabisa mwa banda, nyuma ya matairi, akaisukuma nje ile ya buluu: Yamaha ya silinda moja, kiti cha chini, tangi la duara. Ilikuwa ya mwalimu mmoja mwanamke wa Loxton aliyestaafu na kuhamia kwa dada yake. Aliilaza hiyo nayo. Matina akachuchumaa, akasukuma, ikasimama.

Hakufurahi. Aliikalia, nyayo zote mbili zikalala chini, na akahisi kana kwamba amevishwa sare ya shule.

"Si ndiyo ile ya posta?" Stelios aliuliza, sauti yake ikiwa na huruma ya kejeli. "Jumatatu usinisahau, dada. Nangoja barua kutoka kwa shangazi."

Lefteris alikuwa amechuchumaa kando ya ile ya buluu, akivuta mnyororo kwa kidole, akitazama ukingo wa tairi, akinusa kifuniko cha oili. Aliuliza Hoskin plagi ilibadilishwa lini. Matina alidhani baba yake anajifanya kujua, kama wanaume wafanyavyo mbele ya injini, na hakulitilia maanani.

Walikubaliana kwenda kwanza kuuliza bima. Matina alikuwa bado na tumaini. Moyoni alishaamua: bima ikiwa nafuu, ataing'ang'ania ile nyekundu mpaka baba achoke.

Wakala wa bima alikuwa Bi Lorna Pfeiffer, mwanamke mnene mwenye miwani ya kamba, ambaye ofisi yake ilikuwa chumba kimoja na feni moja. Feni ilikuwa inamtazama yeye.

"Umri?"

"Kumi na sita."

Bi Pfeiffer aliweka kalamu chini. "Na pikipiki?"

Matina akaitaja ile nyekundu. Bi Pfeiffer akapekua kijitabu cha bei, akaandika tarakimu kwenye kipande cha karatasi, akakigeuza kuwaelekea. Lefteris alisoma, akavua kofia.

"Hii ndiyo bei ya pikipiki?"

"Hiyo ni bima, bwana Kaloudis. Pikipiki ni juu yenu."

"Huyu hajawahi kuanguka hata kitandani."

"Hajawahi kwa sababu hajaanza. Mimi si mpiga ramli. Natazama tu vijana wa umri wake walifanya nini na pikipiki ile, na walifanya mengi."

Kisha, kwa sauti ya mtu ambaye amelisema jambo hilo mara nyingi na bado hajachoka kulisema, akawaeleza. Bima ya lazima inalipwa pamoja na namba ya pikipiki, nayo ni ya watu, ukiwaumiza. Haihusu gari la mtu, wala ua wake, wala pikipiki yako. Bima kubwa inabeba yote, lakini kwa umri huu inabeba pia mshahara. Katikati ipo ya mali ya wengine.

"Ukigonga gari la mtu, sisi tunalipa. Chuma chako mwenyewe, umekipinda, utakinyoosha."

"Ya lazima inatosha," alisema Lefteris. "Hatagonga gari la mtu."

Matina hakuwa mtu wa kumjibu baba yake mbele ya wageni. Lakini tangu asubuhi alikuwa akiviona vitu vikiamuliwa juu ya kichwa chake, na kitu kikamsukuma.

"Nikiligonga, baba, utauza nini? Mizabibu?"

Feni ikazunguka. Bi Pfeiffer akajishughulisha na kusafisha miwani yake.

"Nataka hiyo ya katikati," Matina akasema. "Nitailipa mwenyewe, kwa mshahara. Na pikipiki iwe ile ya buluu."

Aliporudi kwenye pikapu alitazama dirishani njia nzima. Baba yake alidhani analia, akamwacha. Hakuwa analia. Alikuwa anaiaga ile nyekundu, na jambo hilo lilimchukua mpaka darajani.

Nguo alikwenda kununua na Bibi Despina, kwa sababu Bibi alisema swali lake bado halijajibiwa. Duka lilikuwa la vijana, muziki juu, na muuzaji mwenyewe alikuwa kijana wa nywele ndefu ambaye hakuwahi kumwona bibi wa nguo nyeusi akiingia mlango ule. Alimletea Matina koti la ngozi jembamba lenye vifungo vya kung'aa, la kukata kiunoni. Matina alijitazama kiooni na kwa mara ya kwanza wiki ile akajiona mtu wa pikipiki.

Bibi alimvua. Akaligeuza koti ndani nje, akavuta mshono kwa vidole viwili, akaikunja ngozi na kuiachia.

"Hili la kwendea dansi," alisema. "La barabarani liko wapi?"

Kijana akaleta jingine, la kiume, jeusi, zito, limekaa dukani hadi limeshika umbo la kitundikio chake. Matina alipolivaa mikono ilizama.

"Bibi, nimekuwa gunia."

"Gunia lirudi nyumbani jioni. Mikono nitaipunguza mimi."

Kofia ngumu aliichagua yule kijana, na hapo alijua kazi yake. Alimvika Matina moja baada ya nyingine, akimwambia atikise kichwa. Ikicheza, si yako. Ile iliyotulia ilimbana mashavu mpaka midomo ikatokeza mbele.

"Nimekuwa kama samaki."

"Hiyo ndiyo," alisema kijana. "Mwezi mmoja itakuzoea."

Bibi alitaka avae kwanza kitambaa kichwani chini yake, kama cha kanisani. Kijana alieleza kwa upole kwamba kitateleza. Wakabishana kwa muda, yeye kwa Kiingereza, Bibi kwa Kigiriki, na mwisho Bibi akakirudisha kitambaa mkobani akisema kwamba angalau mtu huyu anabishana kwa adabu. Glovu wakapata. Buti zikawa za mama yake, za kuvunia zabibu, ngumu, za kufunika vifundo.

Cherehani ya Bibi ilivunja sindano nyingi juu ya lile koti. Mikono ilipunguzwa, mabega yakaingizwa ndani, na kwa kuwa Bibi alikuwa kazini tayari, akatia bitana ya blanketi. Ilikuwa Februari. Lami ilikuwa inalainika saa nane mchana. Matina alilivaa koti lile kwenda na kurudi bila kusema neno, jasho likimshuka hadi kwenye buti, kwa sababu Bibi alikuwa akisimama barazani kumwona anavyopendeza. Mwezi wa Juni, umande ulipoganda kwenye waya za mizabibu, alimwombea Bibi dua. Bibi alikuwa amekosea kwa msimu mmoja tu.

Kuendesha alikuwa amejifunzia kati ya safu za mizabibu, alipokuwa akisubiri leseni ya kujifunzia. Stelios ndiye aliyemfundisha, na kwa kweli alifundisha vizuri kuliko alivyoongea. "Klachi usiiachie kama umeungua," alimwambia. "Iachie kama unamweka kuku chini na hutaki akimbie." Injini ilizima, ikazima, ikazima. Upande wa pili wa shamba Lefteris alikuwa anatengeneza trekta ambalo halikuwa limeharibika. Matina alipofika mwisho wa safu kwa mara ya kwanza bila kuzima, akakata kona na kurudi kwa gia ya pili, alimwona baba yake amesimama na spana mkononi, hatengenezi kitu.

"Mama posta," Stelios alimpigia kelele, "barua yangu iko wapi?"

Lakini alikuwa anacheka kwa furaha, na Matina naye ndani ya kofia yake.

Alianguka mwezi wa Machi, mavuno yakiwa katikati. Matrela ya zabibu yalikuwa yakipita Berri kutwa kucha kwenda kukamuliwa, na kwenye kona ya duka la mikate kila trela lilidondosha juisi kidogo. Juisi ile juani inakuwa kama sabuni. Matina alikuwa anatoka zamu, mwendo wake wa kawaida, akainamisha pikipiki kwenye kona, na gurudumu la nyuma likaondoka kama zulia lililovutwa. Alisikia ngozi ya koti ikikwaruza lami, sauti ndefu, kisha mlio wa bati.

Alipoinua kichwa, pikipiki ya buluu ilikuwa imelala na usukani wake ndani ya mlango wa gari moja jeupe lililoegeshwa. Alijishika mikono, magoti. Kiwiko kilikuwa kinauma, lakini kilikuwa ndani ya koti. Ngozi ya nje ilikuwa imechanika mpaka kwenye blanketi la Bibi, na chini ya blanketi, ngozi yake mwenyewe ilikuwa nzima.

Mlango wa duka la mikate ukafunguka, akatoka Bi Pfeiffer, mkate kwapani. Alimtazama Matina kwanza, juu mpaka chini.

"Simama. Tembea. Vidole vinakunjika?"

"Vinakunjika, Bi Pfeiffer. Naomba radhi. Sijui hili gari ni la nani."

"Ni langu."

Matina akaanza kulia, hapo ndipo machozi yalipopata nafasi. Bi Pfeiffer aliutazama mlango wa gari lake, akautazama usukani uliouingia, akauhamishia mkate kwapa la pili.

"Kama ni kumgonga mtu," alisema, "umechagua vizuri. Sina haja ya kukueleza utaratibu. Njoo tuiinue, una mgongo bado?"

Waliiinua pamoja, wakiipa mgongo bega kwa bega, watu wakitazama. Mlango wa gari ulilipwa na bima, hakuna mzabibu uliouzwa.

Nyumbani, Lefteris aliisikia habari yote akiwa amesimama. Matina alingoja aseme lile ambalo angelisema baba yeyote. Baba yake alichukua taa ya banda, akaisukuma pikipiki mpaka karibu na meza ya vyuma, akachuchumaa. Alikichomoa kile kishikizo cha breki kilichopinda, akakipasha moto, akakinyoosha kwa nyundo ndogo, pole pole, akikiinua kila mara kukitazama kwa jicho moja. Kisha akalegeza usukani na kuurudisha mahali pake bila kupima, kwa kuusikia tu mikononi.

"Umejulia wapi?" Matina aliuliza.

"Nilikuwa nayo moja. Kule kwetu, kabla ya meli."

"Hujawahi kusema."

"Niliiuza, nikapata nauli ya kuja huku." Alijaribu breki, ikabana, akaiachia. "Bibi yako ndiye aliyenitafutia mnunuzi. Nilitaka nimuuzie rafiki yangu kijijini, niwe najua iko wapi. Yeye akasema hapana, mpe mtu wa mbali, usije ukairudia. Nilimkasirikia mpaka meli yetu ilipofika bandari ya Aden."

"Ilikuwa rangi gani?"

"Ya kijani. Mbovu kuliko hii." Akampa kitambaa cha kufutia mikono, ingawa mikono ya Matina ilikuwa safi. "Kesho zamu yako saa ngapi?"

Alfajiri iliyofuata alikuta tairi zimejazwa upepo na vioo vimefutwa. Koti lilikuwa kwenye kiti cha jikoni, kiwiko kimewekwa kiraka cha ngozi ya kiatu kilichoshonwa mara mbili. Bibi alikuwa anakunywa kahawa na hakutaka kushukuriwa.

Pikipiki ile ilimbeba Matina mpaka alipokwenda kusomea uuguzi. Ilimbeba kwenye ukungu wa mto na kwenye upepo wa vumbi uliofanya taa ziwashwe mchana. Mara moja, Bibi Despina akiwa amepita miaka sabini, ilimbeba yeye pia, ndani ya shamba tu, kandokando ya mfereji, sketi nyeusi imekusanywa magotini, mkono mmoja kiunoni mwa mjukuu na mwingine angani akiiambia mizabibu ipishe. Fotini alitoka jikoni akajishika kichwa. Bibi alizungushwa mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alikuwa amefumba macho.

Mwishowe Matina alimuuzia pikipiki ile msichana mmoja wa Barmera aliyekuja na mama yake, akiitazama kwa uso ule ule wa sare ya shule. Matina alimwelewa. Alimfundisha tu kuiinua.

Sasa Matina ni muuguzi mkuu Adelaide, karibu na kustaafu, na ana gari lenye kiti kinachopashwa moto. Bibi alifariki, kisha mama, kisha Lefteris, na shamba likauzwa kwa watu waliong'oa mizabibu wakapanda lozi. Huwa anapita huko mara chache, akienda kumwona Stelios, ambaye sasa ana tumbo na bado ana maoni. Anapofika kwenye mfereji hupunguza mwendo, hufungua dirisha. Kinachomrudia hapo ni ile saa, kabla jua halijatokeza, harufu ya maji yakiingia kwenye udongo mkavu, na yeye anatoka getini kwa gia ya pili, ubaridi ukimwingia chini ya kidevu. Baba yake alikuwa akisimama ndani ya maji mpaka vifundoni. Hakumpungia mkono hata siku moja. Aliinua sepetu tu, juu, mara moja, na Matina alijibu kwa kuiwasha na kuizima taa ya mbele, kisha akaendelea na barabara.